Kunasa shabaha si kuigonga: Funzo la makombora ya joto kompyutani na angani

MNGURUMO hafifu wasikika masikioni mwa kijana aliyeketi mbele ya kompyuta, mkono wake ukiwa umeshika usukani mfano wa ule wa ndege ya kivita. Kadiri ndege ya adui inavyosogea katikati ya kioo, ndivyo mngurumo unavyopanda na kuwa mlio mkali. Kijana abonyeza kitufe, kombora lachomoka chini ya bawa, na baada ya sekunde chache adui ni moshi mtupu.

Kwa wengi wanaotumia programu za kompyuta zinazoiga vita vya angani, mlio huo una maana moja tu: shabaha imenaswa, na kilichosalia ni kuhesabu ushindi.

Marubani waliozitumia silaha zenyewe wanajua vingine. Tangu makombora yanayofuata joto yatumiwe vitani kwa mara ya kwanza mwaka 1958, kumbukumbu za vita zimejaa milio iliyosikika barabara na makombora yaliyopita kando.

Suala hili si la wachezaji pekee. Asubuhi ya Novemba 28, 2002, makombora mawili ya joto yalifyatuliwa kutoka ardhini kuelekea ndege ya abiria iliyokuwa imepaa punde tu kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Mombasa. Ndani ya Boeing 757 hiyo ya shirika la Arkia la Israeli mlikuwa na abiria 261 na wahudumu 10. Makombora yote mawili yalikosa.

Siku iyo hiyo, katika hoteli ya Paradise iliyoko Kikambala, gari lililosheheni vilipuzi liliua watu 13, wakiwemo Wakenya 10 na Waisraeli watatu, mbali na washambuliaji wenyewe. Msiba wa Kikambala ulifunika yaliyotokea angani, na ilistahili iwe hivyo. Lakini swali lililoachwa na makombora yale mawili bado lina uzito: kombora linaponasa ndege, huwa limenasa nini hasa?

Jicho lisilojua ndege

Kila kitu chenye joto hutoa miale ya infraredi, ambayo macho ya binadamu hayaioni. Mwili wa mtu huitoa, jiko la makaa huitoa, na bomba la nyuma la injini ya jeti huitoa kwa wingi kupindukia. Puani mwa kombora la joto mna lenzi na vioo vya kukusanya miale hiyo, pamoja na kihisi kinachoigeuza kuwa umeme. Hilo ndilo jicho la kombora.

Jicho la makombora ya kwanza halikuona picha yoyote. Mbele ya kihisi kulizunguka kisahani chenye sehemu za kupitisha miale na sehemu za kuizuia. Miale ya kitu kidogo chenye joto kali, mathalan bomba la injini, ilikatwakatwa na kisahani hicho ikawa midundo ya umeme. Miale ya kitu kipana, kama wingu lililoangazwa na jua, ilipita bila mdundo wa maana, nayo ikapuuzwa.

Kutokana na midundo hiyo, kombora liliweza kubaini joto liko upande gani, kisha likageuza mapezi yake ili kulifuata.

Midundo hiyohiyo ndiyo iliyopelekwa masikioni mwa rubani ikiwa sauti. Kwa hivyo, mlio ulimwambia rubani jambo moja: jicho limeona joto lenye nguvu ya kutosha. Haukumwambia iwapo joto hilo ni la adui, la mwenzake au la jua lenyewe. Wala haukumwambia iwapo kombora lingekuwa na mbio za kutosha kulifikia.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Neno "kunasa" linaashiria mtego uliokwisha kufyatuka na mnyama aliyekwisha kukamatwa. Katika makombora ya joto, kunasa ni kuona tu. Safari yote bado i mbele.

Kutoka jangwani hadi Vietnam

Kombora maarufu zaidi la aina hii ni Sidewinder, lililobuniwa na kikundi cha wahandisi wa jeshi la wanamaji la Marekani chini ya mwanafizikia William McLean, katika kituo cha China Lake kilichoko jangwa la California. Jina lake ni la nyoka wa jangwani anayeweza kuhisi joto la windo lake. Mnamo Septemba 1953, kombora hilo liligonga ndege ya majaribio kwa mara ya kwanza.

Miaka mitano baadaye, Septemba 24, 1958, marubani wa Taiwan wakiwa katika ndege za F-86 walilitumia dhidi ya ndege za MiG-17 za China. Ndiyo mara ya kwanza kombora la aina hiyo kuangusha ndege vitani. Inasimuliwa kwamba kombora mojawapo lilikwama katika ndege ya China bila kulipuka, likarejeshwa nyumbani na hatimaye kufikishwa mikononi mwa Wasovieti. Lililo wazi ni kuwa Wasovieti waliunda nakala yake, K-13, ambalo lilienea katika majeshi mengi ya dunia.

Kihisi cha makombora hayo ya awali hakikuwa na mfumo wa kukipoza, na kiliweza kuona vyema chuma chenye joto kali pekee. Rubani alilazimika kuwa nyuma ya adui ili jicho lione ndani ya bomba la injini. Aidha, alitakiwa kufyatua bila kukata kona kali, kwa umbali usiokuwa mfupi mno wala mrefu mno.

Masharti hayo hayakuwa tatizo kubwa dhidi ya ndege nzito ya mabomu inayokwenda moja kwa moja katika anga ya juu. Yalikuwa balaa dhidi ya MiG ndogo inayojipinda karibu na miti ya Vietnam.

Katika vita hivyo, chini ya Sidewinder moja kati ya kila nne zilizofyatuliwa iliangusha ndege. Uchunguzi ulioongozwa na Kapteni Frank Ault wa jeshi la wanamaji ulibaini kwamba tatizo halikuwa la mitambo pekee. Marubani wengi hawakujua mipaka ya silaha waliyoibeba. Walifyatua wakiwa nje ya eneo ambamo kombora lingeweza kufanya kazi yake.

Matokeo ya uchunguzi huo yalichangia kuanzishwa kwa shule ya mapambano ya angani huko Miramar, California, mwaka 1969, ile inayojulikana kote kwa jina la Topgun. Miongoni mwa mambo yaliyofunzwa pale ni kutofautisha kati ya kuona na kuweza: kwamba mlio masikioni ni mwanzo wa hesabu, si jibu lake.

Kompyuta inavyopiga hesabu

Programu za kompyuta zilirithi silaha hizi pamoja na sauti zake. Falcon 4.0 iliyotolewa mwaka 1998 na kampuni ya MicroProse, Lock On iliyofuata mwaka 2003, kisha DCS World ya Eagle Dynamics na War Thunder ya Gaijin, zote humfanya mtumiaji asikilize mlio kabla ya kufyatua.

Baadhi ya kazi hizi si michezo mitupu. Programu ya ndege ya A-10C iliyouzwa kwa umma na Eagle Dynamics ilitokana na chombo cha mafunzo kilichotengenezwa kwa ajili ya walinzi wa anga wa majimbo ya Marekani. Mtumiaji hulazimika kusoma kitabu cha mamia ya kurasa, kuwasha mitambo hatua kwa hatua na kukariri kazi ya kila swichi.

Je, kompyuta huamua vipi kwamba kombora limeona ndege? Katika uhalisia, joto la ndege hutegemea kasi yake, urefu ilikofika, upande inaotazamwa, hali ya hewa na mengineyo mengi. Kukokotoa yote hayo kwa kila ndege na kwa kila sehemu ya sekunde kungeizidi nguvu kompyuta ya kawaida. Watungaji wa programu hulazimika kufupisha.

Katika DCS World, kwa mfano, kila ndege hupewa tarakimu inayowakilisha joto lake. Kipimo ni ndege ya Kirusi ya Su-27 ikiwa haijawasha moto wa ziada, ule unaopatikana kwa kumwaga mafuta nyuma ya injini ili kuongeza kasi. Ndege hiyo hupewa 1, na nyingine zote hulinganishwa nayo. Rubani akiwasha moto wa ziada, tarakimu ya pili iliyo kubwa zaidi hushika nafasi yake.

Jicho la kombora nalo lina tarakimu zake: linaona umbali gani, linaweza kugeuka kiasi gani, na linahadaika kwa urahisi upi. Kompyuta hulinganisha tarakimu hizi na umbali pamoja na pembe. Kiwango kikitimia, mlio husikika.

Mkenya anayezijaribu programu hizi anaweza kukutana na ndege isiyokuwa ngeni nchini. F-5, ambayo Jeshi la Wanahewa la Kenya lilianza kuipokea mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambayo ilitumika katika operesheni ya Linda Nchi nchini Somalia mwaka 2011, imo katika DCS World ikiwa na Sidewinder za matoleo ya zamani. Anayeirusha kompyutani hupata onjo la yaliyowasumbua marubani wa Vietnam: lazima azunguke nyuma ya adui, atulie, asikilize, kisha asubiri.

Katika jambo hilo, programu bora huwa mwalimu mzuri. Kombora huchoma mafuta yake kwa sekunde chache tu, na baada ya hapo huteleza kwa mbio zilizobaki kama jiwe lililorushwa. Kila kona linayokata hulipunguzia kasi. Mtumiaji akifyatua kwa mbali mno huliona likilegea na kuanguka huku mlio ungali unavuma masikioni mwake. Fundisho hilo lingalichukua saa nyingi ubaoni.

Fataki na kete

Ufupisho huonekana waziwazi zaidi pale fataki za joto zinapoingia. Ndege za kivita hubeba vidonge vya magnesiamu vilivyochanganywa na kemikali nyingine, ambavyo vikirushwa huwaka kwa joto kali kuliko injini. Jicho lisilojua ndege, lililofunzwa kufuata joto, huvutwa na fataki na kuiacha ndege.

Angani, kinachotokea hutegemea mambo mengi kwa pamoja. Fataki imerushwa lini? Je, ilikuwa ndani ya eneo dogo ambalo jicho lilikuwa likiliangalia? Rubani alipunguza nguvu za injini kwanza? Jicho lenyewe ni la kizazi gani? Makombora ya baadaye yalifunzwa kutilia shaka kitu kinachowaka ghafla na kubaki nyuma, kwa kuwa fataki hupunguza mwendo upesi ilhali ndege huendelea mbele.

Katika programu nyingi, sehemu kubwa ya mambo hayo imekuwa ikiamuliwa kwa bahati nasibu. Kompyuta huangalia tarakimu ya uimara wa kombora, hurusha kete, kisha huamua iwapo limehadaika au la. Programu nyingine huchukulia fataki kuwa chanzo halisi cha joto kinachoshindana na injini mbele ya jicho. Njia hii ya pili ni karibu zaidi na ukweli, ingawa nayo hutegemea tarakimu zilizowekwa na binadamu.

Tarakimu hizo hutoka wapi? Uwezo kamili wa jicho la kombora la kisasa ni miongoni mwa siri zinazolindwa sana na majeshi. Watungaji hutegemea vitabu vya zamani vilivyoondolewa vikwazo, vipeperushi vya watengenezaji, simulizi za marubani wastaafu, na makisio yao wenyewe. Kwa sababu hiyo, kadiri kombora lilivyo la kale ndivyo mwigo wake unavyoaminika, na kadiri lilivyo jipya ndivyo makisio yanavyozidi.

Mtumiaji haoni mpaka huo. Kwake, kombora la mwaka 1960 na la mwaka 2010 yote yanatenda kazi mbele ya macho yake kwa uhakika uleule.

Jicho linalozinduka

Mabadiliko makubwa yalikuja pale wahandisi walipoanza kukipoza kihisi kwa gesi. Kihisi baridi huona joto dogo zaidi, ikiwemo hewa ya moto inayotoka injini na ngozi ya ndege iliyopashwa na msuguano wa hewa. Rubani hakulazimika tena kwenda nyuma ya adui. Angeweza kufyatua hata wakiwa wanakabiliana uso kwa uso.

Sidewinder ya aina hiyo, AIM-9L, ilitumiwa na Uingereza katika vita vya Falklands mwaka 1982 dhidi ya Argentina, na kujipatia sifa kubwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ndege zilizoangushwa na Sea Harrier zilipigwa kutoka nyuma, kwa namna ambayo hata toleo la zamani lingeweza kujaribu. Uwezo mpya uliandikwa magazetini. Mafunzo ya marubani ndiyo yaliyofanya kazi.

Wasovieti nao waliunda R-73, ambalo jicho lake lingeweza kuelekezwa kwa kofia ya rubani. Rubani aligeuza kichwa, na kombora likatazama alikotazama. Ujerumani ilipoungana mwaka 1990 na kurithi ndege za MiG-29 za upande wa mashariki, mataifa ya magharibi yalipata fursa ya kulipima kwa karibu, yakagundua yameachwa nyuma.

Jibu la Marekani lilikuwa AIM-9X, iliyoanza kutumika mwaka 2003. Jicho lake halitegemei tena kisahani kinachozunguka. Lina vihisi vidogo maelfu vilivyopangwa kama macho ya nyuki, vinavyounda picha ya joto. Inaweza kusemwa kwamba kombora hili linaona umbo, si nukta tu.

Matukio mawili yanaonyesha ukubwa wa hatua hiyo na mipaka yake. Februari 4, 2023, ndege ya F-22 iliangusha puto la China nje ya pwani ya South Carolina kwa AIM-9X moja, likiwa juu zaidi ya kilomita 18. Puto halina injini. Jicho lilitofautisha kitu hicho na anga baridi iliyokizunguka, jambo ambalo kombora la mwaka 1958 lisingeliweza kamwe.

Lakini Juni 18, 2017, katika anga ya Syria, rubani wa Marekani alifyatua AIM-9X kwa karibu dhidi ya Su-22 ya serikali ya nchi hiyo. Su-22 ni ndege iliyobuniwa enzi za vita baridi. Kombora lilikosa. Rubani alilazimika kutumia kombora la pili, linaloongozwa kwa rada, ndipo akaiangusha.

Iwapo mtumiaji wa kompyuta angekumbwa na tukio kama hilo, yamkini angelalamika kwamba programu ina hitilafu.

Uhakika wa bandia

Hapo ndipo ilipo hatari ya mwigo mzuri. Si kwamba unadanganya. Ni kwamba unasema kweli nyingi kwa sauti ileile unayosemea makisio. Mtu aliyejifunza swichi zote za ndege ya kivita sebuleni kwake hupata imani kwamba amejifunza pia silaha itakavyotenda. Kumbe la kwanza limetoka kitabuni, na la pili ni tarakimu iliyokisiwa.

Hali kadhalika, mjadala wa umma kuhusu silaha umeanza kufuata lugha ya michezo hii. Kombora hutajwa kwa umbali wake wa juu kabisa na asilimia ya kugonga, kana kwamba tarakimu hizo husafiri nalo popote liendapo. Serikali zinazonunua silaha, walipa kodi wanaozigharimia, na raia wanaoogopa kushambuliwa nazo, wote huhitaji kuuliza swali lilelile: katika hali gani?

Ifahamike kwamba kukosa huko hakulifanyi kombora la joto kuwa silaha dhaifu. Ndege ya abiria haina fataki, haiwezi kujipinda, na hupaa na kutua katika njia zinazojulikana na kila mtu. Yaliyowaokoa abiria wa Arkia hayawezi kuitwa ulinzi.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 22, 2003, ndege ya mizigo ya Airbus A300 ya kampuni ya DHL iligongwa bawa la kushoto na kombora la begani mara baada ya kupaa Baghdad. Mitambo yote ya kuongozea mabawa na mkia ilikufa. Marubani na mhandisi wao, watatu kwa jumla, waliirejesha ardhini kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini pekee. Ni muujiza wa ustadi ambao hakuna shirika linaloweza kuutegemea.

Wengine hawakubahatika. Machi 23, 2007, ndege ya mizigo aina ya Il-76 kutoka Belarus iliangushwa baada ya kuondoka Mogadishu, na watu wote 11 waliokuwamo wakafa. Kabla ya hapo, Aprili 6, 1994, ndege iliyowabeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakirejea kutoka mkutano wa Dar es Salaam, ilidunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Yaliyofuata Rwanda yanajulikana.

Eneo hili la Afrika, basi, limelipa gharama ya makombora ya kufyatuliwa ardhini kuliko maeneo mengi duniani.

Ulinzi huanzia ardhini

Makombora yaliyofyatuliwa Mombasa yalikuwa aina ya Strela-2, silaha ya Kisovieti iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960. Jicho lake ni la kizazi cha kwanza: kihisi kisichopozwa, kinachotafuta bomba la injini kwa nyuma. Umbali wake haufiki kilomita nne, na kilipuzi chake kina uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja. Kifyatuzi kilipatikana katika eneo la Changamwe, si mbali na uwanja wenyewe.

Kwa mtumiaji wa programu za mwigo, maelezo hayo ni orodha ya udhaifu. Kwa mlinzi wa uwanja wa ndege, ni ramani ya kazi. Silaha inayohitaji mfyatuaji awe ndani ya kilomita chache, akiona ndege kwa macho yake, ni silaha inayoweza kuzuiwa na doria, na wakazi wanaomjua mgeni, na polisi wanaosikiliza wakazi.

Isitoshe, silaha hiyo lazima itoke mahali. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lililochunguza vikwazo vya silaha kwa Somalia liliripoti mwaka 2003 kwamba makombora ya Mombasa yalipitia nchini humo kabla ya kuingizwa Kenya kwa njia ya bahari. Mwaka huohuo, mataifa wanachama wa Mkataba wa Wassenaar yaliimarisha masharti ya kuuza makombora ya begani nje. Hatua kama hizo hazivutii kutazamwa kwenye kioo cha kompyuta, lakini ndizo zinazopunguza idadi ya macho yanayotazama injini za ndege.

Israeli kwa upande wake ilichagua pia njia ya mitambo, ikaanza kuzipa ndege zake za abiria vifaa vya kuhadaa makombora, vikiwemo vinavyotumia miale ya leza kupofusha jicho. Marekani ilivifanyia majaribio vifaa vya leza katika ndege za kiraia miaka ya 2000, lakini haikuyalazimisha mashirika kuvifunga, kutokana na gharama. Kwa mashirika ya Afrika yanayohangaikia bei ya mafuta kila mwezi, njia hiyo iko mbali zaidi.

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga, na mkulima mwenye busara huandaa shamba ayaonapo. Lakini hauzi mavuno kwa sababu ya wingu. Mlio wa kombora ni wingu la aina hiyo. Rubani wa Vietnam aliyeuchukulia kuwa mvua alipoteza kombora lake, na pengine nafasi yake ya pekee.

Kwa wanaolindwa, somo linageuka upande wa pili. Abiria 261 waliofika Tel Aviv salama siku ile hawakunusurika kwa sababu kulikuwa na mpango uliofaulu. Walinusurika kwa sababu jicho la kale halikufikisha kombora lilikotumwa. Makombora yenye macho bora yamekwisha kuundwa, na kukosa kwa lile la zamani hakutoi ahadi yoyote kuhusu lijalo.